Taja matokeo, mtangazaji: majibu kwa maswali yenu kuhusu sauti za mpira

Niliandika hapa kwamba mtangazaji wa redio anayekaa dakika kumi bila kutaja matokeo anamdhulumu msikilizaji. Barua zimemiminika. Zipo za pongezi, zipo za matusi, na zipo za watu ambao hawakusoma nilichoandika lakini wamekasirika hivyohivyo. Nimechagua zinazofaa kujibiwa hadharani.

Shikamoo mzee. Kwa Kiswahili, nani mtangazaji bora wa mpira wa wakati wote? Usizunguke, taja jina moja. (Msomaji, Tabora)

Marahaba. Charles Hilary.

Umesema nisizunguke, lakini jina bila sababu ni ushabiki mtupu, kwa hiyo nivumilie. Alipita Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), Radio One, Deutsche Welle, BBC na Azam, na mauti yalipomfika Mei 2025 alikuwa msemaji wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Kote huko alikwenda na sauti ileile, nzito na isiyo na papara. Ukimsikiliza ulijua mpira uko wapi: winga ya kulia, karibu na mstari wa kati, mwenye nao kaligeuzia mgongo lango, beki mmoja nyuma yake. Mpira ukivuka nusu ya uwanja sauti ilipanda kidogo. Ukiingia ndani ya kumi na nane ilipanda tena. Bao likifungwa, bado alikuwa na akiba ya kupaza.

Sasa sikiliza wengi wa leo. Mpira wa kurusha, kelele. Goli kiki, kelele. Mchezaji anafunga kamba za viatu, kelele. Bao likija hawana tena pa kupandia, wanabaki kukohoa.

Vijana wanamkumbuka zaidi kwa Ulimwengu wa Soka ya BBC, ligi ya Uingereza ilipokuwa ikitangazwa kwa Kiswahili Jumamosi jioni. Kipindi kile kiliwafundisha watu wasio na dishi wala umeme wa uhakika kwamba mechi ya London inaweza kutangazwa kwa lugha yetu bila kupungukiwa chochote. Karibu naye sana namweka Ahmed Jongo, na nyuma yao kizazi kizima cha RTD kilichojua kwamba msikilizaji haoni.

Nani mkali, Peter Drury au Martin Tyler? (Wasomaji kumi na zaidi, mikoa mbalimbali)

Swali hili la watangazaji wawili wa Kiingereza linakuja kila mwezi na kila mwezi nalijibu. Drury ana maneno, Tyler ana subira. Tyler alipotamka jina la mfungaji Agüero Mei 13, 2012, siku Manchester City walipotwaa ubingwa dakika za nyongeza, alilivuta jina, akasema machache, kisha akauachia uwanja useme. Drury, siku Roma walipoitoa Barcelona Aprili 10, 2018, alimpamba mfungaji Manolas kama mungu wa Kigiriki aliyeshukia Roma, na mpaka leo watu wanakariri. Mimi namchagua Tyler. Msiniulize tena.

Ninachotaka kuongeza ni hiki: Drury ameharibu vijana wetu bila kukusudia. Wanaandika mashairi nyumbani usiku, wanakuja nayo uwanjani, kisha wanatafuta bao la kuyapachika. Bao la Mtibwa dakika ya tisa halihitaji ubeti. Nataka kujua nani kafunga, kwa mguu gani, nani katoa pasi, na sasa ni ngapi kwa ngapi.

Kaka, hivi kweli watangazaji wa zamani walikuwa bora, au ni nyinyi wazee kupenda ya kale? (Msomaji, Mbeya)

Hawakuwa bora wote. Walikuwepo waliochosha, na walikuwepo walioogopa kumkosoa refa kwa sababu mgeni rasmi amekaa jukwaani. Lakini kuna jambo lililowalazimisha kuwa makini, nalo ni kwamba Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994. Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, lakini huku Bara mpira ulikuwa redio. Mtangazaji akikosea, nchi nzima imekosea. Julai 19, 1977, Simba walipoifunga Yanga 6-0 na Abdallah Kibadeni akafunga matatu, mtu wa Songea hakuwa na picha ya marudio ya kumwonyesha bao la nne lilivyoingia. Alikuwa na maneno ya mtu mmoja tu.

Ndiyo maana lugha ile ilikomaa. Anaambaa na chaki. Anapiga chenga moja, mbili. Anaachia kombora, linagonga mtambaa wa panya. Anayetunga sentensi kama hizi kwa kasi ya mpira, bila kuandika, ni fundi sawa na fundi mwingine yeyote.

Na somo lenyewe ni la zamani kuliko RTD. Mechi ya kwanza ya ligi kutangazwa redioni Uingereza ilikuwa Arsenal na Sheffield United, Januari 22, 1927, uwanjani Highbury. BBC walichapisha gazetini mchoro wa uwanja uliogawanywa visanduku vyenye namba. Teddy Wakelam akitangaza, mwenzake alikuwa akitaja namba ya kisanduku mpira ulipo, na msikilizaji nyumbani anafuata kwa kidole. Tangu siku ya kwanza kazi ilijulikana: mwambie asiyeona mpira uko wapi. Karibu miaka mia imepita na bado nasikia dakika mbili nzima za matangazo ya redio bila kuambiwa timu ipi ina mpira.

Mbona mnaandika kana kwamba Kiswahili cha mpira kilizaliwa Dar? Sisi huku tulikuwa na Mambo Mbotela. (Msomaji, Mombasa)

Una haki ya kulalamika, na nafurahi umeandika.

Leonard Mambo Mbotela alizaliwa Mombasa, akaingia Sauti ya Kenya mwaka 1964, na kwa miongo kadhaa sauti yake ikawa sehemu ya nyumba za Wakenya. Wengi wanamjua kwa Je, Huu ni Ungwana?, kipindi chake cha adabu na mwenendo. Wengine wanamjua kwa Agosti 1, 1982, wanajeshi walioasi walipomlazimisha kutangaza redioni kwamba serikali imepinduliwa. Sisi wa mpira tunamjua kama mtu aliyekuwa akiingia uwanjani na uchangamfu wa Pwani na Kiswahili kisichotafuta msaada wa Kiingereza. Alifariki Februari 2025, miezi mitatu kabla ya Charles Hilary. Mwaka mmoja, sauti mbili kubwa kiasi kile. Sijaona kituo chochote, kwenu wala kwetu, kilichotenga hata saa moja ya kurusha matangazo yao ya mpira, dakika tisini kamili, ili vijana wajifunze.

Mbotela alikuwa na kitu ambacho Charles hakuwa nacho sana, furaha ya wazi. Alikuwa akitangaza kama mtu anayefurahia kuwa pale. Kuna tofauti kati ya furaha na kelele, na anayetaka kuijua asikilize kanda zake. Furaha haikumzuia kutaja jina la mchezaji. Kwa wenye umri wangu, Kenya ya mwaka 1987 ni Gor Mahia kutwaa Kombe la Washindi Afrika mbele ya Espérance ya Tunis, sare 2-2 ugenini na 1-1 Kasarani, mabao ya ugenini yakaamua, na ni miaka ile ambayo Nairobi nzima ilikuwa na redio sikioni.

Na mwambie pia jirani yako wa Lamu aliyeniandikia matusi: sikusema Kiswahili cha mpira ni cha Dar. Nilisema Dar nao wanakiharibu.

Nikizima sauti ya TV na kusikiliza redio, redio inashangilia bao kabla sijaliona. Kuna hujuma? (Msomaji, Mwanza)

Hakuna hujuma. Redio ya FM inafika karibu papo hapo. Picha ya king'amuzi inabanwa kwanza, inapandishwa setilaiti iliyo umbali wa kilomita kama 36,000, inashuka, kisha king'amuzi chako kinaifungua. Safari ya angani yenyewe ni sehemu ndogo ya sekunde. Muda mwingi unaliwa na kule kubana na kufungua. Mwishowe unajikuta nyuma kwa sekunde kadhaa. Ukitazama kwa intaneti unachelewa zaidi, wakati mwingine nusu dakika. Dawa ni kusikiliza redio hiyohiyo kwa programu ya simu, nayo itachelewa, na kwa bahati zitakaribiana.

Hukuniuliza hili, lakini nakuonya wewe na wanao: anayeweka mkeka wakati mechi inaendelea, kwa kufuata picha ya TV, anacheza na watu ambao tayari wameliona bao. Na vituo vinavyomtaka mtangazaji asome bei za kubeti katikati ya shambulizi vimeuza kitu ambacho si chao. Dakika tisini ni za msikilizaji. Tangazo lina nafasi yake kabla ya mechi, mapumziko na baada ya mechi. Nimesikia kona inapigwa, mtangazaji anasoma bei, na bao likafungwa ndani ya tangazo. Sikutaja kituo wala sitakitaja, lakini waliofanya wanajijua.

Lazima mtangazaji awe amecheza mpira? (Msomaji, Moshi)

Hapana. Lazima awe amezisoma sheria kumi na saba za mchezo, jambo ambalo hata waliocheza wengi hawajafanya.

Mzee unapinga hisia. Mpira ni hisia! Msikilize yule wa Argentina alivyolia bao la Maradona. (Msomaji, Temeke)

Nashukuru umemtaja, maana kila anayetetea makelele humtaja yeye, na karibu wote hawajamsikiliza mpaka mwisho, wala hawajaanza mwanzo.

Víctor Hugo Morales kwanza si wa Argentina, ni mzaliwa wa Uruguay aliyefanya kazi Buenos Aires. Juni 22, 1986, Uwanja wa Azteca, robo fainali dhidi ya Uingereza, alikuwa akitangaza redioni. Nenda kasikilize sekunde zile kumi na kitu tangu Maradona apokee mpira. Anasema Maradona anao. Anasema wanamkaba wawili. Anasema ameukanyaga mpira, kisha ameondoka kupitia kulia. Anasema anaweza kumpasia Burruchaga. Anamtaja Maradona tena, kisha anamwita gwiji tena na tena kadiri anavyowapita, mpaka bao. Mtu aliyekuwa kijijini na redio ya betri alilijua bao lile lilivyofungwa kabla machozi hayajaanza. Baada ya mpira kuingia ndipo Morales analia, anaomba radhi kwa kulia, anamuuliza Maradona ametoka sayari gani, anamshukuru Mungu kwa ajili ya mpira. Hapo alikuwa ameshatimiza wajibu wake, na machozi yalikuwa haki yake.

Wetu wanaanza na machozi. Mshambuliaji akipokea mpira tu kwenye nusu ya uwanja, mtangazaji tayari anataja ukoo wake, mtaa aliokulia na mama yake mzazi. Mpira unaingia, sauti inapasuka, na dakika nzima inapita hujui nani kafunga. Hisia ninazitaka. Nazitaka baada ya taarifa.

Baraka Mpenja, kwa mfano, mna mazoea ya kunituhumu kwamba simpendi. Si kweli. Ana sauti, ana lugha, na anaujua mchezo. Kwenye televisheni, ambako picha ninaiona mwenyewe, mapambo yake hayaninyimi kitu. Ugomvi wangu ni na vijana wanaomuiga redioni, mahali ambapo picha haipo.

Wanawake wanaweza kutangaza mpira? Naona sauti zao hazifai. (Msomaji, hakutaja aliko)

Hukutaja uliko, na naelewa kwa nini.

Halima Mchuka alikuwa akitangaza mpira RTD wakati wewe pengine hujazaliwa, na alitangaza vizuri. Uingereza, Jacqui Oatley alipopewa mechi ya Fulham na Blackburn, Aprili 2007, akiwa mwanamke wa kwanza kutangaza katika Match of the Day, kipindi cha mpira cha televisheni ya BBC, walimshambulia magazetini kabla hajafungua mdomo. Akatangaza, dunia haikuanguka, akaendelea. Aibu yetu ni kwamba Tanzania ilitangulia miaka mingi, kisha ikalala. Baada ya Halima, nihesabie ni wanawake wangapi leo wanapewa kipaza sauti cha dakika tisini, si kusoma matokeo na kuhoji mashabiki getini tu. Ligi ya wanawake inachezwa, mechi zinaonyeshwa, na hata huko mara nyingi sauti ni ya mwanamume. Wakuu wa vipindi, hili ni lenu.

Kwa nini mtangazaji wa kituo fulani anaipenda Yanga waziwazi? (Shabiki wa Simba, Kinondoni). Kwa nini mtangazaji wa kituo fulani anaipenda Simba waziwazi? (Shabiki wa Yanga, Kinondoni)

Mnazungumzia mtu yuleyule, mechi ileile. Nimezilinganisha barua zenu.

Hilo linaonyesha kwamba siku ile alitenda haki. Lakini wapo wasioitenda, na sitawafunika. Mtangazaji ana haki ya kuwa na timu moyoni, kama mwamuzi alivyo na haki hiyo. Hana haki ya kuita “sisi” kwenye kipaza sauti. Kingine kimezuka siku hizi: msemaji wa klabu leo, mchambuzi kesho, mtangazaji keshokutwa, kisha anarudi kwenye klabu. Mtu wa namna hiyo akikwambia penalti haikuwa halali, utamwamini kwa kipimo gani? Novemba 5, 2023, Yanga waliposhinda 5-1, na Mei 6, 2012, Simba waliposhinda 5-0, ndizo siku za kumpima mtangazaji. Sikiliza bao la nne la timu asiyoipenda. Akilitangaza kwa sauti ileile aliyolitangazia la kwanza, mheshimu.

Nataka kuwa mtangazaji wa mpira. Nianzie wapi? Na tafadhali nipe namba ya mtu wa Azam. (Vijana wengi)

Namba za watu sitoi. Msiniombe.

Kuanza ni rahisi na hakugharimu. Nenda kwenye ndondo mtaani kwenu Jumapili, kaa pembeni ambapo hutamkera mtu, washa kinasa sauti cha simu, tangaza kipindi cha kwanza chote. Rudi nyumbani mpe ndugu yako ambaye hakuwepo, asikilize. Kisha muulize: timu zipi zimecheza, ipi ilikuwa inashambulia goli la upande gani, ngapi ngapi, nani kafunga, kaumia nani. Akishindwa kujibu mawili kati ya hayo, hujatangaza, umepiga kelele. Rudia wiki ijayo.

Kabla ya mechi fika mapema, pata orodha ya wachezaji na namba zao, na waulize majina yanavyotamkwa. Hili la majina linanitia uchungu. Tumekuwa na wachezaji kutoka Ivory Coast, Mali na Burkina Faso kwa miaka sasa, na bado nasikia Pacôme ikitamkwa kama imeandikwa Kiswahili. Ni Pakomu, si Pakome. Ahoua ni Ahua. Djigui ni Jigi. Mchezaji yuko mazoezini kila siku, kumuuliza hakuhitaji kibali. Jina la mtu ni la mtu.

Weka saa mbele yako, na kila baada ya dakika mbili tatu taja matokeo na muda. Kila anapofungua redio dereva wa bodaboda, mama anayetoka sokoni, au mlinzi anayeingia zamu, kwake mechi inaanza dakika ile. Anataka kujua ngapi ngapi. Na soma. Soma magazeti ya zamani, soma vitabu vya Kiswahili, sikiliza wazee wakizungumza. Msamiati wa kutangazia mpira hautoki kwenye mpira peke yake.

Wapi nitapata sauti ya bao la Peter Tino kule Ndola 1979? Baba yangu amekuwa akilisimulia kila mara. (Msomaji, Dodoma)

Bao lile ndilo lililotupa sare ya 1-1 na Zambia, baada ya ushindi wa 1-0 hapa nyumbani, tukaenda Lagos 1980 kwenye fainali za Afrika kwa mara ya kwanza. Tukasubiri tena mpaka 2019. Baba yako ana haki ya kulisimulia.

Anza na maktaba ya TBC pale Dar es Salaam, ndio waliorithi kanda za RTD. Andika barua rasmi, taja mechi, mwaka na mji, na uwe na subira. Na nyinyi wengine wenye kaseti za mechi nyumbani, zilizorekodiwa na baba au babu kutoka redioni, msizitupe wala msirekodi kwaya juu yake. Utepe wa kaseti unakufa kwa joto na unyevunyevu. Pelekeni kwa fundi anayeweza kuzihamishia kwenye kompyuta mwaka huu, si mwakani. AFCON ya 2027 inakuja Kenya, Uganda na Tanzania. Wageni wataiona Afrika Mashariki ikicheza. Ningependa vituo vyetu, usiku wa ufunguzi, viwe na sauti ya Mbotela, ya Charles Hilary, ya Ahmed Jongo na ya Halima Mchuka ya kuwasikilizisha, na si picha zao kimya kwenye skrini.

Mzee, Simba na Yanga wikiendi hii ngapi ngapi? (Msomaji, Ilala)

Fungua redio. Ukikaa dakika kumi hujaambiwa, niandikie jina la kituo.